Utatuzi wa Matatizo: Udungaji wa Vitegemezi katika Programu za Wavuti za Spring Boot

Katika programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java na Spring Boot (mfumo wa kujengea programu za Java), klasi haijiundii vitu inavyovihitaji. Inavitaja kwenye konstrakta yake (sehemu ya msimbo inayoendeshwa objekti inapoundwa), na kontena la Spring, ambalo ndilo linaloziunda objekti na kuzitunza, linaipatia. Huo ndio udungaji wa vitegemezi (dependency injection), utaratibu ambao mwandishi wa masuala ya programu Martin Fowler aliueneza kwa jina hilo mwaka 2004, mwaka uleule ambao toleo la 1.0 la Spring lilitoka. Klasi zenyewe zinabaki nyepesi: hazirithi chochote kutoka Spring, na mtu yeyote anaweza kuziunda kwa neno la `new`. Wepesi huo ni faida kubwa wakati wa majaribio, lakini pia ni chanzo cha hitilafu kadhaa zilizoelezwa hapa chini, kwa sababu Java haitakuzuia kuunda mwenyewe kitu ambacho kilipaswa kuundwa na kontena.

Mifano yote imechukuliwa kutoka mfumo wa kufikirika wa kukusanya ada za shule, ambao unapokea malipo kwa M-Pesa na Airtel Money. Dalili zinatofautiana sana, ila maswali ya kuuliza mbele ya kila moja ni yaleyale: objekti hii imeundwa na nani, imeundwa lini, na ziko ngapi? Anayeyajibu kwa uhakika kabla ya kugusa msimbo hupata chanzo haraka kuliko anayeanza kwa kubandika alama mpya (annotation, yaani maneno yanayoanza na `@`) juu ya klasi akitumaini kwamba mojawapo itasaidia.

Programu haiwaki, na ujumbe unasema kijenzi hakipo

```
APPLICATION FAILED TO START

Parameter 0 of constructor in tz.mfano.ada.HudumaYaAda required
a bean of type 'tz.mfano.malipo.LangoLaMalipo' that could not be found.
```

Ujumbe huu unamtaja anayeomba na kijenzi (bean, yaani objekti inayoundwa na kutunzwa na kontena) kinachoombwa. Hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo namba 0 ni kigezo cha kwanza cha konstrakta. Wengi hufungua `HudumaYaAda` kwanza kwa kuwa ndiyo iliyotajwa mwanzoni, ilhali klasi hiyo kwa kawaida haina kosa. Kosa liko upande wa kinachoombwa.

Chanzo cha kwanza ni chepesi: klasi inayotekeleza kiolesura (interface, orodha ya methodi zisizo na msimbo) cha `LangoLaMalipo` haina alama ya `@Service` au `@Component`, au alama hiyo imewekwa juu ya kiolesura badala ya klasi. Kontena haliwezi kuunda objekti kutokana na kiolesura kitupu, kwa hiyo alama hiyo haisaidii kitu.

Chanzo cha pili kinawapotezea watu muda mwingi zaidi, kwa sababu msimbo unaonekana kamili na alama zote zipo. Alama ya `@SpringBootApplication` huliamuru kontena lipekue pakeji ya klasi kuu na zote zilizo chini yake, basi. Ikiwa klasi kuu imo ndani ya `tz.mfano.ada`, pakeji ya `tz.mfano.malipo` iko pembeni yake, na haitapekuliwa kamwe. Suluhisho lililo safi ni kuipandisha klasi kuu hadi `tz.mfano`, ili pakeji zote ziwe chini yake. Unaweza pia kutumia `scanBasePackages`, lakini ukichagua njia hiyo kumbuka kwamba hazina za JPA (violesura vya kusoma na kuandika kwenye hifadhidata) na klasi za jedwali zina upekuzi wake wa pekee, unaohitaji `@EnableJpaRepositories` na `@EntityScan`. Ndiyo maana mara nyingi mtu hurekebisha kosa la kwanza, akawasha upya, na kukutana na ujumbe wa aina ileile unaotaja hazina.

Chanzo cha tatu ni masharti. Klasi yenye `@Profile("uzalishaji")` haitaundwa kwenye kompyuta ya mwandishi iliyowashwa bila wasifu huo, na klasi yenye `@ConditionalOnProperty` haitaundwa ikiwa ufunguo wake katika faili la mipangilio la YAML umesogezwa nafasi mbili kulia kimakosa na kuwa mtoto wa ufunguo mwingine. Hapa usikisie. Washa programu kwa kuongeza `--debug`, nayo itachapisha ripoti ndefu ya masharti ikionyesha usanidi wa kiotomatiki upi ulikubaliwa, upi ulikataliwa, na kwa sababu gani.

Iwapo kijenzi kinatoka katika maktaba ya pamoja ya ofisi, na tatizo limeanza baada ya kuhamia Spring Boot 3, angalia jinsi maktaba hiyo inavyojitambulisha. Hadi toleo la 2, usanidi wa kiotomatiki uliweza kuorodheshwa katika faili la `META-INF/spring.factories`. Toleo la 3.0 liliacha kulisoma faili hilo kwa kazi hiyo, na sasa orodha inatakiwa iwe katika `META-INF/spring/org.springframework.boot.autoconfigure.AutoConfiguration.imports`. Hakuna onyo lolote linalotolewa. Maktaba inapakiwa vizuri kabisa na vijenzi vyake havionekani.

Dawa moja isitumike hata siku moja kwa dalili hii, nayo ni `@Autowired(required = false)`. Programu itawaka, ndiyo, lakini ndani ya kigeu kutakuwa na `null` (yaani hakuna kitu), na kosa ulilokuwa unaliona asubuhi mezani pako litamwangukia mzazi anayelipa ada.

Programu haiwaki, na ujumbe unasema vijenzi ni viwili

Mfumo ulianza na M-Pesa peke yake, kisha Airtel Money ikaongezwa, na sasa kiolesura cha `LangoLaMalipo` kina klasi mbili zinazokitekeleza. Kontena linasema `required a single bean, but 2 were found` na kuziorodhesha zote mbili. Linakataa kuchagua, na lina haki.

Ikiwa mojawapo ni ya kawaida na nyingine ni ya nadra, ipe ya kawaida alama ya `@Primary`. Ikiwa anayeomba anajua anataka ipi, ataje jina kwa `@Qualifier("langoLaMpesa")`. Lakini katika mfano huu anayechagua ni mlipaji, wakati wa ombi, kwa hiyo njia zote mbili hazifai. Kinachofaa ni konstrakta kuomba `Map<String, LangoLaMalipo>`. Kontena litaijaza ramani hiyo kwa malango yote, jina la kila kijenzi likiwa ufunguo. Lango la tatu likiongezwa mwakani, klasi inayoyatumia haitaguswa.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili inayojitokeza ghafla katika programu iliyokuwa ikifanya kazi kwa miaka. Pasipo na `@Primary` wala `@Qualifier`, Spring hulinganisha jina la kigezo na jina la kijenzi, kwa hiyo kigezo kinachoitwa `langoLaMpesa` kilikuwa kikipata lango la M-Pesa bila mwandishi kujua kwamba jina ndilo lililomwokoa. Kuanzia Spring Framework 6.1, iliyokuja na Spring Boot 3.2, majina ya vigezo hupatikana tu ikiwa kompaila imepewa chaguo la `-parameters`. Kwa zana za kujengea programu za Gradle na Maven, programu-jalizi ya Gradle ya Spring Boot na mradi-mzazi wa Maven wa Spring Boot huliweka chaguo hilo zenyewe. Mradi usiotumia mojawapo ya hizo, au unaokompailiwa na kihariri kwa usanidi wake chenyewe, huvunjika siku ya kupandisha toleo. Hivyo basi, ikiwa programu inawaka kwenye seva ya ujenzi na kukataa ndani ya kihariri, anzia hapo.

Ujumbe unachora mduara

`HudumaYaAda` inaiomba `HudumaYaRisiti` ili itoe risiti baada ya malipo. `HudumaYaRisiti` nayo inaiomba `HudumaYaAda` ili ichapishe salio la mwanafunzi chini ya risiti. Hakuna ya kutangulia kuundwa, na kontena linachora mchoro wa mishale unaoanza na kuishia kwenye klasi ileile.

Mduara unaopita kwenye konstrakta haujawahi kukubalika. Mduara unaopita kwenye vigeu vyenye `@Autowired` ulikuwa ukikubalika kimyakimya hadi Spring Boot 2.6, ya mwaka 2021, ilipoupiga marufuku kama chaguo-msingi. Kwa hiyo programu kongwe zinazopandishwa toleo hukutana na mduara ambao umekuwemo siku zote.

Mpangilio wa `spring.main.allow-circular-references=true` unaufungua mlango huo tena. Ni halali kuutumia kwa muda, wakati wa kupandisha toleo, ili tatizo moja lisizuie jingine. Alama ya `@Lazy` juu ya kigezo nayo inaukata mduara kwa kudunga wakala (objekti inayosimama mahali pa nyingine) badala ya objekti halisi, ila inauacha msimbo ukiwa umefungamana vilevile. Kazi halisi ni kuuliza kila upande unahitaji nini hasa kwa mwenzake. Katika mfano wetu `HudumaYaRisiti` haiihitaji huduma nzima ya ada. Inahitaji methodi moja, `salioLaMwanafunzi`. Ihamishe methodi hiyo kwenye klasi ndogo, tuseme `MsomajiWaSalio`, isiyomjua yeyote kati ya hao wawili. Mduara unakwisha, na mara nyingi klasi hiyo ndogo hupata watumiaji wengine ndani ya wiki hiyohiyo.

Njia nyingine ni tukio: `HudumaYaAda` inatangaza kwa `ApplicationEventPublisher` kwamba malipo yamepokelewa, na `HudumaYaRisiti` inasikiliza. Hata hivyo, msikilizaji mwenye `@EventListener` huendeshwa papo hapo katika uzi uleule wa utekelezaji, na kosa lake humrudia mtangazaji. Ukitaka risiti itoke baada ya muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) kukamilika kwenye hifadhidata, tumia `@TransactionalEventListener`.

Programu imewaka, lakini kitegemezi ni `null`

Uliza kwanza aliyeiunda objekti. Ikiwa mahali fulani kumeandikwa `new HudumaYaRisiti()`, kontena haliijui objekti hiyo na halitaidunga chochote, hata kama klasi ina alama zote. Jambo hili hujificha ndani ya klasi za msaada, ndani ya kazi za ratiba zilizoandikwa kabla ya Spring kuingizwa, na ndani ya maktaba zinazounda klasi zenyewe kwa jina. Kigeu cha `static` chenye `@Autowired` nacho hakidungwi. Vilevile, kigeu kinachodungwa moja kwa moja bado kitupu wakati konstrakta inaendeshwa, kwa sababu udungaji wa vigeu huja baada ya objekti kuundwa. Anayekisoma ndani ya konstrakta atapata `null`, na anayekisoma dakika moja baadaye atakikuta kimejaa.

Hayo yote yanatibiwa na tabia moja: vitegemezi vyote vipite kwenye konstrakta, na vigeu viwe `final`, yaani visibadilishwe baada ya kujazwa. Hapo `new HudumaYaRisiti()` isiyo na vigezo haikompailiki, na kosa linaonekana kabla programu haijawaka.

Inabaki hali moja ambayo tabia hiyo haiitibu, na inamshangaza hata mzoefu. Klasi yenye `@Transactional`, `@Async` au `@Cacheable` haitumiki moja kwa moja. Spring huunda klasi-mtoto inayosimama mbele yake kama wakala, na kila mwito hupitia kwa wakala kwenda kwa objekti halisi. Methodi yenye `final` haiwezi kuandikwa upya na klasi-mtoto, kwa hiyo mwito wake unaendeshwa ndani ya wakala mwenyewe, ambaye vigeu vyake havijawahi kujazwa kwa kuwa konstrakta yake kwa kawaida haiitwi kabisa. Matokeo yake ni `NullPointerException` kwenye kigeu ambacho una hakika kimedungwa. Methodi ya `private` yenye `@GetMapping` ndani ya kidhibiti chenye wakala huleta balaa hilohilo. Ili kuthibitisha, chapisha `getClass()` ya objekti uliyodungwa: jina likiwa na `$$SpringCGLIB$$`, au `$$EnhancerBySpringCGLIB$$` katika matoleo ya zamani, unazungumza na wakala. Ondoa `final`, au ifanye methodi iwe `public`.

Mteja mmoja anaona taarifa za mwingine

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote, kwa sababu haitoi ujumbe wowote wa kosa, haionekani wakati mwandishi anajaribu peke yake, na inapojitokeza inaanza kama malalamiko ya simu: mzazi amelipa, pesa imekatwa, lakini risiti imeandikwa jina la mtu asiyemjua.

```java
@Service
public class HudumaYaMalipo {
    private final LangoLaMalipo lango;
    private Mzazi mzaziWaSasa;

    public HudumaYaMalipo(LangoLaMalipo lango) {
        this.lango = lango;
    }

    public Risiti lipa(Mzazi mzazi, BigDecimal kiasi) {
        this.mzaziWaSasa = mzazi;
        lango.toza(mzazi.simu(), kiasi);
        return new Risiti(mzaziWaSasa.jina(), kiasi);
    }
}
```

Kontena huunda objekti moja tu ya `HudumaYaMalipo` kwa programu nzima, na ombi la kila mzazi linaitumia hiyohiyo. Tomcat, seva ya wavuti iliyomo ndani ya Spring Boot, isipobadilishwa, inaruhusu hadi nyuzi 200 za kuhudumia maombi kwa wakati mmoja. Asha anaanza kulipa, jina lake linawekwa kwenye `mzaziWaSasa`, na uzi wake unasubiri jibu la lango kwa sekunde mbili tatu. Ndani ya sekunde hizo Juma naye anaanza, na jina lake linalifuta la Asha. Jibu la Asha linarudi, risiti inaandikwa, na jina lililomo ni la Juma. Kadiri lango linavyochelewa ndivyo dirisha la kosa linavyopanuka, ndiyo maana malalamiko hujaa siku za mwanzo wa muhula, wakati wazazi wengi wanalipa kwa pamoja.

Tiba ni kukiondoa kigeu hicho na kuandika `mzazi.jina()`. Kanuni ya ukaguzi ni rahisi kuiendesha kwa macho: katika klasi yoyote yenye `@Service`, `@Component`, `@Repository` au `@RestController`, kila kigeu kisicho `final` kijieleze kwa nini kipo. Na kigeu ambacho ni `final` lakini ni `HashMap` au `ArrayList` kinachojazwa na maombi kijieleze pia, maana `final` inazuia kubadilishwa kwa rejeleo, haizuii kubadilishwa kwa kilichomo.

Wakati mwingine taarifa ya ombi inahitajika mbali sana ndani ya msimbo, na kuipitisha kama kigezo kupitia methodi nyingi kunachosha. Hapo `@RequestScope` inafaa: kontena linaunda objekti mpya kwa kila ombi na kudunga wakala anayejua kuipata ya ombi la sasa. Objekti hiyo haipatikani nje ya uzi wa ombi. Methodi yenye `@Async` ikijaribu kuigusa, itapata kosa linalosema kwamba `Scope 'request' is not active for the current thread`. Isome taarifa kabla ya kuvuka, kisha uipitishe kama kigezo.

Wengine hudhani kwamba `@Scope("prototype")` italeta objekti mpya kila inapohitajika. Italeta mpya kila inapoombwa kwa kontena, na huduma inayoiomba kwenye konstrakta inaomba mara moja tu katika uhai wake. Ukitaka mpya kila mwito, omba `ObjectProvider` ya aina hiyo na uite `getObject()` pale unapoihitaji.

Ikiwa klasi zote ni safi na dalili bado ipo, tafuta `ThreadLocal`, yaani hifadhi ya thamani ya kila uzi. Nyuzi za Tomcat hutumika tena na tena, na thamani iliyoachwa na ombi moja inamsubiri anayefuata, isipokuwa `remove()` imeitwa ndani ya `finally`.

Muamala haurudi nyuma

Malipo yameandikwa, utoaji wa risiti umeshindikana, na safu ya malipo imebaki kwenye hifadhidata ingawa methodi ina `@Transactional`. Rudi kwa wakala. Ikiwa methodi yenye alama imeitwa na methodi nyingine ya klasi hiyohiyo, mwito umepita ndani kwa ndani, wakala hakuuona, na muamala haukuanzishwa. Ihamishe methodi hiyo kwenye kijenzi kingine, au weka alama kwenye methodi ya nje.

Ikiwa muamala ulianzishwa kweli, tazama aina ya kosa. Spring hurudisha nyuma kwa `RuntimeException` na `Error` peke yake. `IOException` ikitoka nje ya methodi, muamala unakamilishwa kama kawaida. Taja `rollbackFor = Exception.class` ikiwa hutaki hivyo. Na bila shaka kosa lililonaswa kwa `catch` na kuandikwa kwenye logi tu halimfikii wakala.

Viunganisho vya hifadhidata ni vingi kuliko ulivyoweka

HikariCP, maktaba inayotunza viunganisho vya hifadhidata, isipoelekezwa vingine, hufungua viunganisho visivyozidi 10. Ukiona katika `pg_stat_activity`, orodha ya viunganisho ya hifadhidata ya PostgreSQL, kwamba nakala moja ya programu ina 20, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna objekti mbili za `DataSource`, objekti inayotoa viunganisho hivyo. Kagua klasi ya usanidi. Ndani ya klasi yenye `@Configuration`, methodi moja ya `@Bean` inaweza kuiita nyingine na kupewa objekti ileile, kwa sababu Spring inauingilia mwito. Klasi hiyo ikiwa na `@Component`, au `@Configuration(proxyBeanMethods = false)`, mwito ni wa Java ya kawaida na unazaa objekti mpya, isiyotambuliwa wala kufungwa na kontena. Acha kuita; pokea `DataSource` kama kigezo cha methodi. PostgreSQL yenyewe hukubali viunganisho 100 kama chaguo-msingi, kwa hiyo nakala tano za programu yenye kosa hili zinatosha kuujaza mlango.

Majaribio yanachukua muda mrefu

Tazama kwenye logi nembo ya Spring inachapishwa mara ngapi katika mzunguko mmoja wa majaribio. Kila nembo ni kontena jipya. Spring huhifadhi makontena hadi 32 ili yatumike tena, lakini kila mchanganyiko tofauti wa vijenzi bandia, kwa `@MockitoBean` au kwa `@MockBean` ya zamani iliyoanza kuachwa katika toleo la 3.4 la Spring Boot, unahesabiwa kuwa usanidi mwingine na kudai kontena lake. `@DirtiesContext` nayo hulitupa kontena lililokwisha kujengwa. Kusanya vijenzi bandia katika klasi-mzazi moja inayorithiwa na majaribio yote ya aina hiyo.

Kabla ya hilo, uliza kama jaribio linahitaji kontena hata kidogo. `HudumaYaMalipo` inayopokea lango lake kwenye konstrakta inaundwa kwa `new HudumaYaMalipo(langoBandia)`, na jaribio lake linakwisha ndani ya milisekunde chache. Klasi ikiwa na vigezo tisa vya konstrakta na kuiunda kwa mkono ni kero, usilifiche tatizo kwa kurudi kwenye `@SpringBootTest`, igawe klasi.